Siku ya Mkimbiaji wa Sita: Mbio za Nyika katika Shule za Msingi za Kenya

Machi 1986, huko Colombier karibu na mji wa Neuchâtel nchini Uswisi, timu ya wanaume ya Kenya ilitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika kwa mara ya kwanza. Haikuuachia hadi 2004. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alimaliza shule ya msingi, akamaliza sekondari, akaenda kuchukua kitambulisho, na maisha yake yote hakuwa ameona timu nyingine ikiondoka na ubingwa huo. Mara 18 mfululizo.

Miaka 40 baadaye majina yanayokumbukwa ni yale yale. John Ngugi, mwanajeshi aliyependa kuwaacha wenzake mapema na kukimbia peke yake, alishinda kuanzia 1986 hadi 1989, kisha akarudi kushinda tena 1992. Paul Tergat alishinda mara tano kwa mpigo, 1995 hadi 1999. Wanastahili kukumbukwa. Lakini ubingwa wa timu hauletwi na mtu mmoja, hata awe Ngugi, na makala haya yanaadhimisha kitu ambacho hakijawahi kupewa medali yoyote: siku ya mbio za nyika katika shule ya msingi. Ni siku moja kwa mwaka ambapo vitabu hufungwa, shule nzima hutoka nje ya lango, hukimbia, hurudi na kuhesabiwa.

Kuhesabiwa ndiko kwenyewe. Katika mbio za nyika, nafasi aliyomaliza mkimbiaji ndiyo pointi zake. Wa kwanza ana pointi moja, wa 40 ana pointi 40. Timu hujumlisha pointi za wakimbiaji wake wa mbele, sita kwa wanaume enzi za Ngugi, wanne siku hizi, na yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo nchi yenye nyota mmoja na watano wanaojikokota hupigwa na nchi isiyo na nyota hata mmoja, mradi sita wake wafike karibu karibu. Nyota hawezi kupata chini ya pointi moja. Hapo hana la kuongeza. Wa sita ndiye anayeweza kuipotezea timu pointi 20, au kuiokolea. Huko Auckland mwaka 1988, Wakenya walichukua nafasi nane kati ya tisa za kwanza katika mbio za wanaume. Ngugi alishinda, ndiyo, lakini hata wa sita wao alifika huku mbele yake hakuna zaidi ya mkimbiaji mmoja wa nchi nyingine.

Waethiopia walikuwa wamelionyesha hilo mapema, na kwa njia ya kuchekesha. Madrid, mwaka 1981, wakimbiaji wao waliokuwa wakiongoza walikosea hesabu ya mizunguko, wakatimua mbio za mwisho huku bado mzunguko mmoja umebaki. Walipogundua, nguvu zilikuwa zimekwisha na Craig Virgin wa Marekani akawapita akashinda. Hata hivyo ubingwa wa timu ulienda Ethiopia. Walikuwa wengi mno mbele kiasi kwamba kosa lile halikutosha kuwaangusha.

Nchi inapataje watu sita wa namna hiyo kila mwaka kwa miaka 18? Jibu langu liko katika uwanja wa shule, mahali ambapo hakuna saa ya kupimia muda wala mwandishi wa habari.

Maandalizi huanza siku kadhaa kabla, mwalimu wa michezo anapotembea njia nzima kwa miguu. Urefu hupimwa kwa macho na kwa kumbukumbu: kutoka langoni hadi kinu cha posho, uteremke mtoni, upande hadi kanisani, uzunguke nyuma ya mashamba ya mahindi, urudi kwa barabara ya vumbi. Ni kilomita nne, labda tano. Mwaka wa mvua huwa sita kwa sababu mto umejaa na inabidi watoto wapitie darajani. Madarasa ya chini huzunguka uwanja tu, na hilo huwauma. Mtoto wa darasa la tatu hujiona ameonewa anapotazama kaka yake akitoka nje ya lango.

Kila kona husimamishwa mwalimu, au mzazi aliyekubali, kwa kuwa njia ya mkato haikosi, na ikiwepo itajulikana kwa wote kabla ya kipenga. Katika kona ya mbali kabisa mwalimu hushika kalamu ya wino na kumchora kila mtoto alama mkononi anapopita. Anayerudi bila alama hana hesabu, hata akilia. Nimewahi kusikia mabishano juu ya alama iliyofutwa na jasho yakafika hadi ofisi ya mwalimu mkuu, na mama wa mtoto akaitwa kuwa shahidi.

Asubuhi yenyewe watoto hupangwa kwa makundi ya michezo ambayo shule nyingi huyapa majina ya milima au mito. Kila kundi lina rangi yake, ambayo kwa kawaida ni kitambaa kilichofungwa kichwani au mkononi. Wachache wana raba. Wengi wako peku, na wale wenye raba mara nyingi huzivua baada ya kuona mtoni kuna matope. Wasichana hufunga sketi kwa fundo kiunoni. Glukosi hugawiwa viganjani, kijiko kimoja kimoja, nayo hulambwa polepole kwa ulimi hadi kiganja kinang'aa. Haiongezi mbio kwa kiasi chochote cha maana kwa kilomita nne, lakini jaribu kumwambia mtoto hivyo.

Mbio zenyewe huisha haraka. Kinachochukua muda ni mwisho wake, nao unahitaji ufundi. Kutoka kwenye mstari wa kumalizia, walimu husimika miti na kufunga kamba pande mbili kutengeneza njia nyembamba isiyoruhusu watu wawili kupita sambamba. Kila anayevuka mstari huingia humo na hatoki katika nafasi yake. Hata akianguka wa nyuma yake husubiri. Mwishoni mwa njia hiyo ameketi mwalimu wa hisabati na rundo la kadi za manila zilizokatwa na darasa la sita juzi yake, zimeandikwa namba kuanzia 1. Kila mtoto hupewa moja. Kwa robo saa ile, kadi hiyo ndiyo mali yake kubwa kuliko zote. Utaiona imekunjwa mfukoni, imeshikwa kwa meno, imelowa jasho hadi namba 17 inasomeka kama 11. Mabishano tena.

Anayetaka kuielewa siku hii asisimame kwenye mstari. Asogee nyuma kidogo, pale watoto wa kila kundi wanapojipanga kuwashangilia wenzao. Mwanzoni kelele ni za kawaida, za majina ya wanaoongoza. Baada ya washindi kupita, sauti hubadilika. Watoto huanza kuhesabu. Wanne wetu wameingia, watano wameingia, bado mmoja! Na huyo mmoja anapoonekana akipanda kutoka mtoni, mtoto ambaye mwaka mzima hakuna aliyemjali, kelele anazopigiwa huwa kubwa kuliko za bingwa. Yuko wa 63. Akimpita yule aliye mbele yake atakuwa wa 62, na pointi hiyo moja inaweza kuwa ndiyo. Anajua hivyo kwa sababu wenzake wote wanamwambia kwa sauti moja.

Baadaye ubao huletwa nje, kadi zikakusanywa na hesabu zikafanywa mbele ya wote. Kujumlisha namba sita kwa makundi manne ni hesabu ya darasa la pili, lakini shule nzima hunyamaza. Zawadi ni madaftari na kalamu.

Mchezo huu haukuzaliwa kwetu. Ulianza katika shule za Uingereza, shule za wavulana wa matajiri, na ulianza kama uwindaji wa kuigiza. Katika shule ya Shrewsbury, ambayo chama chake cha wakimbiaji kina kumbukumbu za tangu 1831, wavulana wawili walitumwa mbele kama sungura, wakidondosha vipande vya karatasi njiani, na wengine wakawafuata kama mbwa wa kuwinda. Mpaka leo nahodha wa wakimbiaji wa shule hiyo huitwa mwindaji. Watu wazima waliuchukua baadaye. Klabu ya Thames Hare and Hounds ya London ilianzishwa 1868. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa Uingereza yalifanyika 1876 katika msitu wa Epping, na wakimbiaji wote wakapotea njia. Matokeo yakafutwa. Mwalimu yeyote wa michezo wa Kenya angewaambia dawa yake: weka mtu kila kona.

Mwaka 1903 mataifa manne ya visiwa vya Uingereza na Ireland yalikutana Hamilton Park, Scotland, katika mashindano ya kwanza ya kimataifa, na Mwingereza Alfred Shrubb akashinda. Mchezo uliingia Olimpiki pia, kisha ukatolewa kwa aibu: Paris 1924, katika jua kali la Julai, walianza 38 wakamaliza 15 tu, wengine wakibebwa kwa machela. Mashindano ya dunia kama tunavyoyajua leo yalianza 1973 huko Waregem, Ubelgiji.

Kenya iliupokea mchezo huu kwa mlango wa shule, za misheni na za serikali ya kikoloni. Wakoloni hawakuwa wakitafuta mabingwa. Walitaka nidhamu, na walitumaini kwamba vijana wa jamii za wafugaji wangemalizia ushujaa wao uwanjani badala ya kwenye wizi wa mifugo. Chama cha riadha cha nchi kiliundwa 1951. Miaka mitatu baadaye, wakiwa njiani kwenda Vancouver kwa michezo ya Jumuiya ya Madola, wakimbiaji wa Kenya walisimama London na kukimbia katika uwanja wa White City. Lazaro Chepkwony alikimbia peku dhidi ya Gordon Pirie, akaumia, akatoka kabla ya mwisho. Siku iliyofuata Nyandika Maiyoro, kijana wa Kisii, aliongoza mbio za maili tatu kwa mwendo ulioshangaza watazamaji, akamaliza wa tatu nyuma ya Fred Green na Chris Chataway. Melbourne, mwaka 1956, Kenya ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Maiyoro alikuwa wa saba katika mita 5,000.

Miaka 12 baadaye, Mexico City, yakaja mavuno: Naftali Temu, Kipchoge Keino, Amos Biwott. Watoto waliosikiliza habari hizo redioni walikuwa wanafunzi wa shule za msingi, na hapo ndipo siku ya mbio ilipobadilika. Kabla ya 1968 ilikuwa sehemu ya ratiba. Baada ya hapo ilikuwa mlango.

Nchi iliyojitawala ilikuwa imejenga ngazi juu ya mlango huo. Enzi hizo wa mbele shuleni alikwenda zoni, kutoka zoni hadi tarafa, wilaya, mkoa, kisha taifa. Ngazi hii inasifiwa sana, ingawa waliowahi kuipanda wanaikumbuka zaidi kwa usafiri: lori la mahindi lililoazimwa, watoto wamesimama nyuma wakishikilia vyuma, mwalimu ameketi mbele na dereva, na chapati zimefungwa ndani ya gazeti. Na hapa pia timu ndiyo inayotangulia. Shule haipeleki zoni bingwa wake peke yake. Hupeleka timu, na kila mwaka hutokea aliyekuwa wa sita shuleni akakimbia zoni vizuri kuliko wa kwanza. Mtoto hukua miezi miwili akawa mtu mwingine.

Shule za upili zilivuna kilichopandwa. Katika St. Patrick's ya Iten, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mwinuko wa takriban mita 2,400, alifika mwaka 1976 Mwairish mmoja kufundisha jiografia, Bruda Colm O'Connell. Hakuwa na elimu ya ukocha. Alikuta wavulana waliokwisha kujua kukimbia katika kundi, akawasaidia kuendelea. Peter Rono, bingwa wa mita 1,500 Seoul 1988, alisoma hapo. Ibrahim Hussein pia, Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, 1987. Sifa za Iten zimeandikwa hadi zimejaa; nitapita.

Mwaka ninaoupenda mimi ni 1991. Mashindano ya dunia yalikuwa Antwerp, Ubelgiji, na mshindi wa mbio za wasichana wadogo alikuwa Lydia Cheromei wa Kenya, akiwa na miaka 13. Hakuna aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika akiwa mdogo kuliko yeye. Miaka 13, katika mfumo wa wakati huo wa miaka minane ya msingi, ni umri wa mtoto anayepangwa mstari na wenzake uwanjani, anayelamba glukosi. Siku hiyo hiyo mbio za wavulana zilichukuliwa na Andrew Sambu wa Tanzania, kwa maana nyanda za juu haziishii mpakani. Mbulu na Karatu ndiko walikotoka John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico City akichechemea na mguu uliofungwa bendeji, na Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Tanzania nayo ina mashindano yake ya shule za msingi, UMITASHUMTA.

Kuna maelezo mengine ya mafanikio haya, yanayopendwa sana na wageni: kwamba mtoto wa Kenya hushinda kwa kuwa alikimbia kwenda shule. Yana ukweli ndani yake. Utafiti uliochapishwa 2006, ambao miongoni mwa waandishi wake ni Vincent Onywera na Mike Boit, yule aliyeleta shaba ya mita 800 kutoka Munich 1972 na baadaye akawa profesa, ulionyesha kwamba wakimbiaji wa kimataifa walitoka mbali zaidi na shule kuliko Wakenya wengine, na wengi zaidi walikuwa wakikimbia safari hiyo. Lakini watoto wanaokwenda shule mbali kwa miguu wamejaa Afrika nzima. Wako Malawi, wako Kongo, wako hata Turkana na Kwale. Umbali peke yake ungetosha, medali zingekuwa zimesambaa bara zima. John Bale na Joe Sang, katika kitabu chao cha 1996 kuhusu mbio za Kenya, walihimiza watu waangalie historia na taasisi kabla ya kukimbilia damu na milima, nami naona walikuwa sahihi. Safari ya kwenda shule humpa mtoto mapafu. Humfanya awahi kengele. Haimfundishi kukimbia kwa ajili ya mtu aliye nyuma yake.

Na wala si kila bingwa aling'ara shuleni. Tergat, kwao Baringo, hakuwa mkimbiaji wa kutajwa akiwa mwanafunzi. Mazoezi ya kweli aliyaanza baada ya kuingia jeshi la anga. Anachokisimulia zaidi kuhusu shule ya msingi ni chakula. Alipokuwa na miaka minane, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutoa chakula cha mchana shuleni kwao, eneo la ukame, na mwaka 2004 shirika hilo likamfanya balozi wake dhidi ya njaa. Mtoto mwenye njaa hafiki mtoni, sembuse kurudi.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Faith Kipyegon. Bydgoszcz, Poland, Machi 2010, mbio za wasichana wadogo: miaka 16, peku, kwenye baridi. Alimaliza wa nne. Mbele yake walikuwa Wakenya watatu, Mercy Cherono, Purity Rionoripo na Esther Chemtai, na kwa kuwa timu ya wasichana ilihesabu wanne, yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuhesabiwa. Moja, mbili, tatu, nne: kumi. Haiwezekani timu kupata pointi chache kuliko hizo. Mwaka uliofuata alishinda mwenyewe, na leo ana dhahabu tatu za Olimpiki za mita 1,500, za Rio, Tokyo na Paris. Aliyekuwa wa nne katika timu hiyo sasa anajulikana kuliko watatu waliomtangulia.

Kwa wasichana, siku hii haikuwa na usawa tangu mwanzo. Njia yao ilikuwa fupi kuliko ya wavulana, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Hata katika ngazi ya dunia wanawake walikimbia umbali mdogo kuliko wanaume hadi Kampala 2017, ambapo wote walipewa kilomita 10. Jibu la Wakenya katika mashindano hayo lilikuwa kuchukua nafasi zote sita za kwanza, kutoka kwa Irene Cheptai hadi kwa huyo huyo Kipyegon aliyekuwa wa sita. Shuleni mambo yamechelewa. Bado kuna mahali ambapo wasichana hugeuzwa kwenye kinu cha posho, wavulana wakiendelea hadi mtoni.

Mashindano ya dunia yamekuja Kenya mara moja, tarehe 24 Machi 2007, na hayakwenda Eldoret wala Nairobi bali Mombasa, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Watu wa bara walioshuka pwani walidhani wanajua joto. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hajashindwa katika mashindano haya kwa miaka mitano, alitoka kabla ya mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda, Moses Mosop na Bernard Kipyego wakamfuata, na ubingwa wa timu ukabaki Kenya. Mbio za wanawake alishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiikimbilia Uholanzi, na umati ukashindwa kuamua kama ushangilie au ulalamike. Ulishangilia. Kwa jua lile, inashangaza kwamba mambo hayakuishia kama Paris 1924.

Shuleni, mabadiliko makubwa yalikuja kwa sababu zisizohusiana na michezo. Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka madarasani, na miongoni mwao wakubwa waliokuwa wamekatiza masomo. Suala la umri, ambalo halikuwa dogo hata kabla ya hapo, likawa sugu: mwalimu wa michezo alijikuta na kijana mwenye ndevu katika darasa la sita, mwanafunzi halali kabisa, na wapinzani wakipiga kelele. Kule Kapkenduiywo, Eldoret, Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Nadhani yeye hakuleta utata katika mbio.

Watoto waliongezeka, na shule nazo zikasogea karibu. Bodaboda zikaja, na mabasi ya shule za binafsi. Anayekuja shule nyuma ya pikipiki, wenzake wawili wamembana, hafanyi zoezi lolote njiani. Katika vijiji vingi siku ya mbio za nyika imekuwa, kwa baadhi ya watoto, siku pekee ya mwaka wanayokimbia zaidi ya kilomita moja bila kusimama. Walimu wanaliona. Miaka ya nyuma mtoto wa mwisho alirudi dakika kumi baada ya wa kwanza. Sasa hutumwa mtu kumtafuta.

Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya korona, na masomo hayakurudi kwa wote hadi Januari 2021. Pengo la mwaka mmoja linaonekana dogo, ila kwa mtoto wa darasa la nane ulikuwa mwaka wake wa mwisho wa kutoka nje ya lango na wenzake.

Badiliko zito kuliko hayo yote ni la mtaala. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa 2023, na darasa la nane la zamani likafutika pamoja nao. Shule ya msingi sasa inaishia gredi ya sita. Gredi za saba hadi tisa ni sekondari ya msingi, nazo zimewekwa ndani ya maboma yale yale ya shule za msingi, zikitumia uwanja ule ule na mara nyingine mwalimu yule yule wa michezo, lakini zina mashindano yao. Lydia Cheromei wa leo, mwenye miaka 13, hayumo tena katika timu ya shule ya msingi. Nguvu za timu, ambazo miaka yote zilitoka madarasa ya saba na nane, zimehamia ng'ambo ya ua.

Sikubaliani na wanaosema siku hii imekufa kwa sababu hiyo. Imekuwa ya watoto wadogo zaidi, hilo ni kweli, na njia ya mtoni huenda ikawa ndefu kwao. Tatizo liko kwenye hesabu. Shule kubwa yenye mikondo mitatu ya gredi ya sita haitakosa sita wake. Shule ndogo ya kijijini yenye watoto 20 katika gredi hiyo itawapata watatu wenye mbio, wawili wa gredi ya tano, na wa sita wake atakuwa mtoto wa gredi ya nne ambaye zamani angekuwa bado anazunguka uwanja akitazama lango.